Umekatwa Doo Mara Mbili kwa Supa? Usikubali Kuzungushwa, Siku Zinahesabiwa

Ijumaa jioni, uko kwa foleni ya supa. Unga, mafuta, sabuni, mkate, na kasoda ka kujituliza. Keshia anapiga hesabu, KSh 3,480. Unatoa kadi, unachomeka kwa PDQ, unaweka pini. Mashine inafikiria. Inafikiria tena. Halafu inakataa. Keshia hata hashtuki: "Ni mtandao tu bosi, hebu turudie." Mnarudia, inakubali, unabeba karatasi zako na kuishia.

Ukifika steji, simu inalia mara mbili. Meseji mbili za benki. KSh 3,480, halafu KSh 3,480 tena, dakika mbili katikati. Na rent ni Jumatatu.

Hapa ndio wasee wengi hupotezea. Unarudi kwa supa ukiwa umewaka, unaambiwa, "Sisi hatujaona hiyo pesa, enda benki yako." Unapigia benki, unaambiwa, "Ongea na duka kwanza." Baada ya safari tatu na airtime kuisha, unaamua ni hasara, unasema Mungu anaona, maisha inasonga.

Manze, hapana. Hiyo doo kuna mahali iko, na kuna njia imeandikwa kabisa ya kuirudisha. Shida ni mbili. Njia yenyewe haianzi mpaka wewe uianzishe, na iko na tarehe ya kufungwa. Anayekuzungusha, hata kama hajui, anakula siku zako.

Doo ilienda wapi?

Tuelewane kwanza venye hii kitu hufanya kazi. Ukiweka pini, PDQ inatuma swali. Swali linapita kwa benki ya duka, linaingia kwa barabara ya Visa ama Mastercard, linafika kwa benki yako: huyu ako na hii pesa? Benki yako ikisema ndio, inaweka doo kando hapo hapo na kurudisha jibu.

Sasa mtandao ukikatika jibu likiwa njiani, benki yako ishasema ndio lakini PDQ haijaskia. Kwa keshia, malipo yamekataa. Kwa benki, malipo yamepita. Hakuna anayekudanganya, kila mtu anasoma upande wake. Mkirudia, benki inaona ni ununuzi mwingine mpya.

Hapo kuna tofauti moja kubwa ujue. Kuna pesa iliyoshikiliwa na kuna pesa iliyolipwa. Iliyoshikiliwa bado iko kwa benki yako, imefungiwa tu. Kama duka halitaidai, itaachiliwa yenyewe baada ya siku kadhaa. Iliyolipwa ni ile ishavuka ikaingia kwa akaunti ya duka. Hiyo hairudi kwa kungoja, inarudi kwa kudaiwa.

Ndio maana swali la kwanza kuuliza benki si "pesa yangu iko wapi?" Uliza hivi: "Haya malipo bado yameshikiliwa ama yashaingia kwa duka?" Jibu la hilo swali ndilo linakuonyesha kama utatulia siku chache ama utaanza kazi leo.

Si kila kosa ni la benki

Kukatwa mara mbili ndiyo stori maarufu, lakini kuna zingine. Kuna keshia aliyeongeza sifuri, KSh 1,250 ikageuka KSh 12,500 na wewe ukaweka pini bila kuangalia. Kuna viatu ulirudisha, ukaahidiwa doo itarudi kwa kadi, na mpaka leo kimya. Hizi zote benki inaweza kuzidai kwa niaba yako.

Lakini kama shelfu ilisema KSh 180 na ukatozwa KSh 210, hiyo ni vita tofauti. Kadi yako ilikatwa kile till iliitisha, kwa hivyo benki haina mengi ya kusema. Hapo unadeal na meneja wa duka, na akileta jeuri unapeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani Kenya, CAK, ambayo kazi yake ni pamoja na kulinda wanunuzi.

Kingine, usidanganye aina ya kosa. Kuna msee ataambia benki kadi iliibwa, akidhani hiyo itaharakisha mambo. Visa wenyewe wamegawa malalamiko kwa mafungu manne: wizi, idhini, makosa ya kuchakata malipo, na migogoro ya mnunuzi na muuzaji. Kukatwa mara mbili na kukatwa kiasi kisicho sahihi viko kwa fungu la tatu. Ukisema ni wizi, kadi itafungwa, uchunguzi utaanza, halafu wapate ni wewe uliweka pini. Kesi yako ya ukweli inakufa kwa sababu ya uongo mdogo.

Fuata hii rada

Kwanza, kama bado uko kwa duka, usitoke. Mashine ikikataa, itisha karatasi ya ile ya kwanza iliyokataa kabla hujarudia. Iko na tarehe, saa na namba za malipo. Hako kakaratasi ndiko kataongea siku wewe umeishiwa na maneno. Angalia simu pia. Meseji ya benki ikiingia na mashine inasema imekataa, usirudie. Muite msimamizi.

Msimamizi akiwa mwelewa, kosa la siku hiyo hiyo linaweza kufutwa hapo kwa mashine kabla hesabu ya siku haijafungwa. Ikishafungwa, duka litalazimika kukurudishia kama malipo mapya, na hiyo huchukua siku. Wakiahidi kurudisha, wakupe kwa maandishi: tarehe, kiasi, jina la aliyekuhudumia. Ahadi ya mdomo haina nakala.

Pili, pigia benki siku hiyo hiyo. Itisha namba ya malalamiko. Bila namba, hujalalamika, umepiga stori tu. Halafu sema neno lenyewe: unataka chajibaki. Ukitamka hivyo kwa dawati ama kwa simu, wanajua hutaki pole, unataka fomu.

Tatu, jaza fomu na uambatanishe kila kitu. Risiti ya duka, karatasi zote za PDQ, picha za meseji mbili, statement inayoonyesha malipo yote mawili, na kama uliandikia duka, hiyo pia. Eleza kwa sentensi tatu ama nne: ulinunua nini, ulitakiwa kulipa ngapi, ulikatwa ngapi. Wacha matusi nje. Anayesoma hiyo fomu hakukukosea.

Nyuma ya pazia

Ukishapeana fomu, benki yako inapeleka dai kwa benki ya duka kupitia Visa ama Mastercard. Benki ya duka inaitisha duka majibu. Na hapa mambo yanabadilika, juu sasa ni duka linatakiwa kuonyesha ushahidi. Kama linasema ulinunua mara mbili, lilete risiti mbili za vitu viwili tofauti. Risiti ikiwa moja na malipo ni mawili, hawana kitu cha kusimamia. Wakinyamaza mpaka muda upite, wamepoteza.

Si ati utashinda kila mara. Duka linaweza kujibu vizuri, dai likarudishwa, na mvutano ukaendelea raundi nyingine. Lakini angalau mnavutana kwa makaratasi, si kwa kelele.

Sasa muda. Kanuni za Visa na Mastercard hupima hili dirisha kwa siku 90 hadi 120, ikitegemea kampuni na aina ya kosa. Inaskika mingi, lakini hizo ni siku za benki yako kuwasilisha dai, na benki inaweza kutaka umeifikia mapema zaidi. Ukingoja "meneja arudi likizo", halafu "tunafuatilia", halafu "ngoja mwisho wa mwezi", unashtukia miezi mitatu imeisha na mlango umefungwa.

Na hapa ndipo mimi naona kuna shida kubwa kuliko supa moja na mashine moja. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi na kufidiwa hasara. Kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Haki tuko nayo kwa karatasi. Lakini ukifika kwa dawati ukitaka KSh 3,480 yako, saa inayohesabu ni ya kampuni za kadi za kutoka nje, na hakuna aliyekuambia siku ulipopewa kadi. Marekani wana sheria ya mwaka wa 1974 inayompa mwenye kadi ya mkopo siku 60 za kupinga bili kwa maandishi, na benki inalazimika kuchunguza. Huku wengi tunatembea na kadi za debiti. Ikikatwa, hiyo si pesa ya benki inasubiri bili, ni pesa yako ya rent, na imetoka sai.

Na wa M-Pesa?

Utasema, mimi hulipa na simu, hii hainihusu. Inakuhusu zaidi. Ukilipa kwa namba ya till, hakuna Visa wala Mastercard anayesimama katikati kuuliza duka ushahidi. Ukikosea, tuma ile meseji ya M-Pesa kwa 456 mara moja, na uongee na duka likiwa bado linakukumbuka. Kila saa inayopita, uwezekano wa kupata hiyo doo ikiwa haijaguswa unapungua. Wale wenye kadi ya GlobalPay, ile Safaricom na Visa walizindua 2022, hiyo ni kadi ya Visa, kwa hivyo makosa yake huanzia kwa Safaricom wenyewe, si kwa kumfuata muuzaji ambaye pengine ako bara lingine.

Usikimbilie X kwanza

Najua raha ya kuanika duka mtandaoni. Wakati mwingine hata inasaidia, mtu wa mawasiliano anakujibu haraka. Lakini ukiandika tu "benki yangu imenikata", dakika tano haziishi kabla akaunti feki yenye nembo ya benki ijitokeze ikikuomba namba ya kadi, pini, ama zile namba za siri zinazotumwa kwa simu. Ulikuwa umepoteza elfu tatu, sasa unapoteza zote. Benki haiwezi kukuuliza pini. Haijalishi nembo ni safi kiasi gani.

Benki ikikukalia, panda ngazi. Andikia kitengo chao cha malalamiko ukitaja ile namba, kisha peleka kwa Benki Kuu, ambayo ndiyo inasimamia mabenki. Na kama ni duka limekataa kabisa, kuna Mahakama ya Madai Madogo. Ilianza kazi Milimani 2021, inasikiza madai ya hadi KSh milioni 1, sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60, na si lazima uwe na wakili. Wengi wetu hatujawahi hata kufikiria kuingia kortini juu ya viatu. Lakini hiyo korti ilitengenezewa watu wa viatu.

Mwisho wa siku, KSh 3,480 kwa duka ni mstari mmoja kwa hesabu. Kwako ni wiki mbili za fare. Duka halitakutafuta kukurudishia, si lazima kwa ubaya, ni vile tu hakuna mtu hapo analala njaa juu yake. Anayelala njaa ni wewe, kwa hivyo wewe ndio utaanza.

Leo usiku kabla hujalala, fungua statement yako ya mwezi huu na uipitie mstari kwa mstari. Ukiona mbili zinafanana, usiseme "labda nilinunua." Tafuta risiti. Ikiwa ni moja, kesho asubuhi piga simu.