Tusihukumu Mche kwa Kimo cha Jana

Mwandishi aliyedai kwamba seli za jua za kikaboni ni mchezo wa maabara usiotuhusu watu wa mkoa wa Mara ametumia vipimo vilivyopitwa na wakati. Mwaka 1986 mtafiti Ching Tang alipotangaza seli yake ya tabaka mbili, ufanisi ulikuwa takribani asilimia 1. Leo maabara zimefikia takribani asilimia 20.

Hayo hayakuja kwa bahati. Mwanga ukipiga seli hizi huzaa jozi ya chaji zilizoshikamana, nayo husafiri nanomita 10 hivi tu kabla ya kufifia. Watafiti wakachanganya kinachotoa elektroni na kinachozipokea katika utando mmoja, ili mpaka wa kutenganisha chaji hizo uwe karibu kila mahali. Mwaka 2019 molekuli ya Y6, iliyobuniwa China, ikafikisha ufanisi wa asilimia 15.7.

Ni kweli, seli hizi hazidumu kama za silikoni. Oksijeni, unyevu na mionzi huzichakaza. Lakini hiyo ni sababu ya kutafiti zaidi, si ya kufunga mlango.

Mvuvi wa dagaa wa Musoma anayewasha taa ziwani usiku angefaidika na utando mwepesi unaokunjika mtumbwini, wa kuchaji betri ya taa hiyo mchana. Kadhalika muuza duka wa Bunda ambaye paa lake halibebi paneli nzito. Na Butiama kuna chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina la Mwalimu Nyerere. Utafiti huu uwe na kiti pale. Asiyekuwepo na lake halipo.