Chafya za Asubuhi na Mivinje ya Jirani



Mtoto apigapo chafya akamhimidi Mola wake, aliye karibu humwombea rehema. Lakini azipigapo kumi kwa mfululizo kabla ya kwenda chuoni, macho mekundu na pua inachuruzika, bibi huchoka kuitikia na mama huanza kuwaza. Nyumba moja hapa kwetu Tiwi ilikuwa na binti wa namna hiyo. Alinyweshwa dawa za mafua, akasuguliwa kifua kwa mafuta, akasomewa. Hali ikarejea ile ile. Mwishowe mama aliitazama mivinje ya jirani iliyo ng'ambo ya ua, akasema chanzo ndicho hicho, akataka ikatwe. Jirani naye aliipanda ili siku moja imlipie wanawe karo. Salamu zikapungua baina ya nyumba mbili.

Kisa hiki kilipotufikia tulijiuliza: je, mvinje una hatia, au umeshitakiwa bila ya ushahidi?

Chavua ni unga mwembamba wa sehemu za kiume za maua, nao ndio uanzao safari ya tunda na mbegu. Sura ya Al-Hijr imezitaja pepo zenye kupandisha, na wafasiri wengi wameeleza kuwa ni mawingu na miti. Mimea mingine hupeleka chavua yake kwa nyuki na vipepeo. Asumini tuivaayo ni katika hiyo: chavua yake ni nzito, yenye kunata, wala hairuki mbali. Itiayo watu chafya zaidi ni ya mimea isiyo na maua ya kupendeza, kama ukoka na nyasi nyinginezo. Mvinje pia huitegemea pepo, na madaktari wa nchi za nje wameutaja miongoni mwa vyanzo vya mzio. Kadhalika mathenge, mti ulioletwa Bamburi mwaka 1973 na ambao jamaa zetu walioko Ghuba wanaujua kwa kuwasha macho na pua. Basi shaka ya mama yule haikuwa upuuzi. Ila shaka si ushahidi.

Ushahidi hupatikana kwa kuhesabu. Mwaka 1873 daktari Charles Blackley wa Manchester, ambaye mwenyewe aliugua maradhi haya, alichapisha habari za majaribio yake: alitega vioo vyenye kunata hewani, hata akavirusha kwa tiara, kisha akahesabu punje zilizonaswa. Mwaka 1952 Mwingereza Hirst akaeleza mtambo uvutao lita 10 za hewa kila dakika, takriban pumzi ya mtu aliyetulia. Punje hunasa kwenye utepe, na mtaalamu huzihesabu kwa hadubini, akasema ni ngapi katika kila mita ya ujazo wa hewa. Mitambo ya namna hiyo huwekwa juu ya mapaa ya miji. Afrika Kusini, katika miji kama Cape Town, Johannesburg na Durban, hesabu hizo hutangazwa ili wagonjwa wajihadhari. Sisi redioni husikia habari za mvua, upepo na mawimbi. Za chavua hatuzisikii.

Hata hivyo, daftari halimshindi mtu. Tulimshauri mama yule aandike kila siku: tarehe, upepo umetoka baharini au bara, mvua, mimea iliyochanua, majani yaliyofyekwa, moshi uliofukizwa ndani, chafya za asubuhi na kikohozi cha usiku. Baada ya miezi mitatu alituonyesha. Siku nzito za binti zilikuwa zile za kufyekwa ukoka uwanjani, na usiku wa kuamkia Ijumaa, chumba kilipojaa moshi wa ubani. Mivinje ilichanua, na hali yake haikubadilika.

Daftari si hukumu, wala halichukui nafasi ya daktari. Lakini daktari alilisoma kwa furaha, akapata pa kuanzia. Siku hizi binti hukaa mbali majani yanapofyekwa, nguo na mito huanuliwa kabla, na ubani hufukizwa yeye akiwa nje. Udhu nao, kwa kupandisha maji puani na kuyatoa, humsaidia kuondoa vumbi.

Akina mama, tahadharini na jambo moja. Mzio wa pua mara nyingi huandamana na pumu. Mtoto akikohoa kila usiku, au kifua kikilia kama filimbi, apelekwe hospitali apimwe. Akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, mbavu zikivutika ndani, au midomo ikigeuka rangi, asingojwe asubuhi.

Na kwa walimu wa Tiwi, Ukunda na Msambweni wenye hadubini shuleni: kioo kilichopakwa vaselini, kikaachwa juu ya paa mchana na usiku, chatosha kuwafunza wanafunzi kuzisoma pepo za kwao.

Ama mama yule, alivuka ua na sahani ya vitumbua, akaomba radhi. Jirani aliipokea kwa mikono miwili, na mivinje ingali imesimama.