UGONJWA WA AKILI UNAPOMJIA KIJANA KAZINI



Nani kati yetu, wa Kitale au wa Bungoma, hajamwona kijana wa namna hii? Ameandikwa kazi akiwa na miaka 20, mwepesi, mwenye heshima. Baada ya muda anaanza kujitenga. Usiku halali. Anasikia watu wakimsema, na hakuna mtu. Nyapara anasema ni mvivu. Wenzake wanasema bangi. Nyumbani wanasema amerogwa kwa wivu wa mshahara. Mwisho anafukuzwa.

Mbona ugonjwa humkamata wakati ule ule anapoanza kujitegemea? Ni kwa kuwa ubongo haumalizi kukua pamoja na mwili. Kijana wa miaka 18 amekwisha kumfikia baba yake kwa kimo, lakini sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima mambo, huendelea kujengwa mpaka kama miaka 25. Katika miaka hiyo ubongo hupunguza viungo vingi baina ya chembe zake, kama sisi tunavyopunguza mahindi yaliyosongamana shambani. Wataalamu wengi wanadhani kwamba kwa watu wengine, hasa wenye urithi wa ugonjwa, kazi hii huenda kombo, na udhaifu uliokuwa umejificha tangu utotoni hujitokeza. Wanawake mara nyingi huchelewa miaka michache kuliko wanaume. Bangi huongeza hatari, ni kweli, lakini wako wagonjwa ambao hawajaigusa kamwe. Na zamu za usiku, madeni na upweke haviwezi kumsaidia mtu wa hali hiyo.

Twajua Bungoma jina la Mathari linaogopwa. Mwaka 1945 wakoloni walimfungia huko Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa, aliyekuwa akipinga amri zao, wakamwachilia 1947. Lakini siku hizi mgonjwa huweza kuanzia hospitali ya rufaa ya kaunti, Kitale au Bungoma, na akiwahi kutibiwa ana tumaini kubwa zaidi la kurudi kazini.

Sheria ya Ajira ya 2007 yampa mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili likizo ya ugonjwa akiwa na cheti cha daktari: siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu, kila mwaka. Tena tajiri hawezi kumfukuza mtu kwa kazi mbaya bila kumweleza sababu kwa lugha anayoifahamu, mwenzake au mjumbe wa chama akiwapo ikiwa amemchagua.

Basi wajumbe, kijana huyo akiitwa ofisini, mwambieni awachague, mwingie naye, na cheti kiwe mkononi.