Umehitimu juzi? Usiongeze pesa unazotuma nyumbani, bado

Kila msimu wa mahafali simu yangu hujaa picha za vijana wetu hapa Sydney wakiwa wamevaa joho na kofia. Nafurahi nao, kwa kweli. Lakini mimi ni mhasibu, na nikiona picha kama hiyo najua swali litakalotoka nyumbani kabla hata joho halijarudishwa: "Sasa utakuwa unatuma ngapi?"

Maoni yangu ni haya, na najua kuna watakaokasirika. Mwaka wa kwanza baada ya kuhitimu, usiongeze hata dola moja juu ya kile ulichokuwa ukituma ulipokuwa mwanafunzi. Na wewe unayesoma haya ukiwa Riyadh, Doha au Muscat, uliyemlipia mdogo wako karo kwa kazi za nyumba za watu au kwa kazi ya mjengo, usiache kazi siku anapopata digrii. Subiri kwanza.

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe niliharibu.

Digrii yangu ya kwanza, ya biashara, niliisomea Nairobi kwa mkopo wa HELB. Ya pili, ya uhasibu, ndiyo iliyonileta Sydney. Shamba la baba liliuzwa, harambee ikafanywa, na kilichopungua akakijaza dada yangu mkubwa, aliyekuwa akifanya kazi za nyumbani Jeddah. Nilihitimu mwaka 2018. Usiku uleule nikampigia simu nikamwambia, "Dada, mkataba ukiisha usiongeze. Rudi nyumbani, sasa ni zamu yangu." Alilia. Mimi nikajiona mwanamume kweli.

Wakati huo nilikuwa napiga deki ofisi za katikati ya mji, kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa tano usiku, na sikuwa na barua hata moja ya kazi. Nilikuwa na cheti tu. Lakini kichwani mwangu cheti na mshahara vilikuwa kitu kimoja. Dada akarudi Malindi. Nikapandisha pesa kutoka dola 250 kwa mwezi hadi 800, ili aishi yeye na watoto wake mpaka afungue duka. Mwezi wa kwanza niliweza. Wa pili niliweza kwa kula mkate na chai. Wa tatu nikakopa. Kazi ya uhasibu ilikuja baada ya miezi kumi na moja. Kabla haijafika, mwezi wa saba, dada alikwishaenda kwa wakala mwingine na kupanda ndege ya Doha. Duka halikufunguliwa.

Watu huniuliza, miezi kumi na moja kwa nini, kwani hukutafuta? Nilitafuta. Matangazo mengi ya kazi za wahitimu hapa yanamtaka raia au mkazi wa kudumu, na wengine wanataka uzoefu wa Australia, ambao huupati bila kazi, na kazi huipati bila uzoefu. Wewe una viza ya muda ya wahitimu, ile ya namba 485, ambayo kwa mwenye digrii ya kwanza au ya uzamili wa masomo ya darasani kwa kawaida ni ya miaka 2 tu. Tangu Julai 2024, wengi hawawezi kuiomba wakishapita umri wa miaka 35. Ada ya viza unalipa wewe, bima ya afya unalipa wewe. Kwa hiyo mwaka ambao nyumbani wanahesabu kuwa ni wa mavuno ndio mwaka wako wenye gharama nyingi kuliko yote.

Na ni mwaka wa matapeli. Mimi nililipa dola 2,500 kwa mtu aliyeahidi kunitafutia "uzoefu". Nikakaa miezi mitatu katika ofisi moja nikiingiza risiti kwenye kompyuta bila senti, kumbe ile ilikuwa kazi kamili ya kulipwa. Kazi ya bure inaruhusiwa kisheria ikiwa ni mafunzo yanayotakiwa na kozi yako ya chuo, au jaribio fupi la kuonyesha unajua kazi. Ukimfanyia mtu kazi inayomwingizia faida, akulipe. Fair Work Ombudsman wanasikiliza malalamiko ya mwenye viza ya muda kama ya mtu mwingine yeyote. Sikulijua hilo, au labda niliona aibu kuuliza.

Sasa tuseme kazi imepatikana, dola 65,000 kwa mwaka. Nyumbani wanaizidisha kwa shilingi palepale, inatoka zaidi ya milioni 5, na mjomba anaanza kuulizia bei ya mabati. Hebu tuihesabu kama inavyohesabiwa huku. Kwa mwaka wa kodi wa 2025–26, kodi ya mapato inakula kama dola 10,300. Tozo ya Medicare, asilimia 2, inakula 1,300. Zinabaki kama 53,400, yaani 4,450 kwa mwezi. Chumba katika nyumba ya kushirikiana upande wa Parramatta au Granville, tuseme 300 kwa wiki, ni 1,300 kwa mwezi. Chakula, treni, simu na bima, weka 1,100. Umebaki na kama dola 2,000, na huo ni mwezi ambao hujaumwa jino. Bado hujaweka akiba ya viza inayofuata wala mitihani ya uhasibu.

Hapo kwenye Medicare nisimame kidogo, manake wengi mnaacha pesa mezani. Kenya na Tanzania hazina mkataba wa afya na Australia. Kama uko kwa viza ya muda na huna haki ya Medicare, omba barua ya kuthibitisha hilo kutoka Services Australia, kisha uombe msamaha wa tozo unapojaza fomu ya kodi. Hizo 1,300 ni kodi ya chumba ya mwezi mzima.

Kwa nini nasema mwaka mmoja? Sikuutoa hewani. Kwa sheria ya hapa, kinga dhidi ya kufukuzwa kazi isivyo haki huipati mpaka umalize miezi 6, au 12 kama mwajiri ana wafanyakazi chini ya 15. Wahitimu wengi wanaanzia kwenye ofisi ndogo kama hizo. Kabla ya hapo unaweza kuambiwa asante leo Ijumaa, na mtu uliyemwambia arudi kutoka Jeddah hawezi kurudishwa na asante. Katika mwaka huo weka kando miezi mitatu ya maisha yako. Kwa hesabu ya juu ni kama dola 7,200. Ukishazifikisha, ongeza unachotuma, na ongeza kiasi ambacho hutakirudisha chini.

Wapo watakaosema nimekuwa mzungu. Mzazi ameuza shamba halafu mtoto anajiwekea akiba? Nalielewa neno hilo, na halinipiti hivihivi. Lakini sijasema uache kutuma. Tuma kilekile, tarehe ileile. Na kama nyumbani kuna deni linalozaa riba, hilo lilipwe kwanza kabla ya mabati na kabla ya akiba yako. HELB pia usiisahau kwa sababu uko mbali: ukiacha kulipa, faini ni shilingi 5,000 kila mwezi, na inaendelea kujumlishwa ukiwa umelala Blacktown. Ninachokikataa ni ahadi. Dada yangu hakuumizwa na udogo wa pesa nilizotuma. Alikuwa amezoea kuishi kwa kidogo. Aliumizwa na kupanga maisha yake juu ya 800 ambazo sikuwa nazo.

Kazi ya deki au ya mjengo nayo usiiache kwa haraka. Viza ya 485 haina ule ukomo wa saa 48 kwa wiki mbili wa wanafunzi, kwa hiyo unaweza kushika jioni za usafi huku ukitafuta ofisi, au huku ukiwa kwenye majaribio ya ofisi. Kuna vijana wenye uzamili wanaovaa fulana ya rangi ya chungwa saa kumi na moja alfajiri, na wanalipwa kuliko karani wa mwaka wa kwanza. Angalia tu unalipwa kama nani. Bosi akikuambia uchukue namba ya ABN ujifanye mkandarasi, wakati anakupangia saa, vifaa na kila kitu, anakwepa kukulipa likizo na super. Super kwa sasa ni asilimia 12 juu ya mshahara. Hata ukiondoka nchini unaweza kuidai, ingawa wengi hukatwa kodi ya asilimia 35.

Kwa dada na kaka mliolipa karo: msiombe picha ya cheti. Ombeni karatasi za mshahara, tatu mfululizo, za kazi ya kudumu. Mdogo wenu akikasirika, mwambieni mhasibu wa Sydney ndiye aliyewatuma.

Mkataba wa dada yangu wa Doha unaisha Machi. Safari hii sijampigia kumwambia arudi. Nimemtumia karatasi zangu za mshahara za miezi sita kwa WhatsApp, na taarifa ya akaunti niliyoifungua kwa ajili ya duka lake. Amezisoma zote. Ameniuliza yale makato ya pale chini ni ya nini.