Glavu Isiufundishe Mkono Uongo

Vyuo vya tiba katika nchi mbalimbali vimeanza kuwavalisha wanafunzi miwani ya uhalisia pepe ili wafanye mazoezi pasipo mgonjwa. Sasa imeongezwa glavu ya mguso: mwanafunzi anyooshapo mkono hewani kukishika kiungo anachokiona, vidole vyake huhisi kana kwamba vimekigusa. Hatua hiyo yastahili pongezi, lakini haistahili kupokewa bila swali.

Glavu sahili hutoa mtetemo tu kwenye ncha za vidole. Mtetemo humjulisha mvaaji kuwa amegusa kitu. Haumwambii kama kitu hicho ni kigumu au laini, wala hauuzuii mkono kupenya ndani yake. Glavu zilizo bora huvizuia vidole kwa nyuzi, au huibonyeza ngozi kwa vifuko vidogo vya hewa. Hata hizo, zisipofungwa kwenye mhimili ulio nje ya mwili, haziwezi kuuhimili mkono mzima unapoliegemea tumbo lisilokuwapo.

Upungufu huo si mdogo. Ngozi ya kiganja ina aina 4 za vipokezi vya mguso, vinavyotambua shinikizo, utelezi, mnyooko wa ngozi na mtetemo. Tena, macho huridhika na picha 90 kwa sekunde, ilhali mguso wa kitu kigumu huhitaji kusahihishwa takriban mara 1,000 kwa sekunde ili uaminike.

Watetezi wa teknolojia hii husema kuwa macho yaweza kufidia. Hutaja roboti ya upasuaji ya da Vinci, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2000 na kutumiwa kwa miaka mingi bila kumrudishia daktari hisia ya mguso. Hoja hiyo ina uzito, lakini daktari bingwa alikwisha kuufunza mkono wake kwa miili halisi. Mwanafunzi ukunga anayetafuta kichwa cha mtoto tumboni mwa mama hana akiba hiyo. Akizoea tumbo lisilosukuma, ataingia wodini na mkono uliofunzwa uongo, na atakayeumia ni mama.

Kwa hiyo, chuo kisinunue glavu kabla ya kuuliza inaigiza hisia ipi, na inaiacha ipi. Itumike kufundisha mpangilio wa hatua na mwendo wa vidole. Saa zake zisihesabiwe badala ya saa za wodini, mpaka ithibitike kwamba mkono ulioizoea hutambua kilicho sahihi katika mwili wa mtu.