TAHARIRI: Mhusika wako anadaiwa na nani?

JUMAMOSI hii huenda wewe na wasee wako mtaketi mezani na penseli, karatasi na dadu, mcheze Dungeons & Dragons au mchezo mwingine wa aina hiyo. Fiti sana. Lakini kabla hamjaanza, hebu tuangalie hiyo karatasi ya mhusika wako.

Kwa ambaye hajawahi kucheza, mambo ni hivi. Mmoja wenu ni msimamizi: anaeleza mahali mlipo na hatari iliyopo. Wengine kila mmoja ana mhusika wake na anasema atafanya nini. Dadu, mara nyingi ile ya pande 20, inaamua kama amefaulu. Mchezo huu ulitolewa Marekani mwaka wa 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, na siku hizi kanuni zake za msingi zinapatikana bure mtandaoni. Ukikosa dadu, kuna programu ya simu itakayokurushia. Kwa hivyo usituambie ni pesa.

Shida iko kwa stori. Wengi wanaoanza huandika hivi: shujaa, yatima, hasemi sana, haamini mtu. Sasa weka wanne wa aina hiyo mezani. Msimamizi anasema kijiji jirani kinaungua. Wanne hao wanatazamana. Waende kufanya nini? Hawana mjomba huko, hawana shamba, hawana hata mtu wa kuwauliza walikuwa wapi. Kufikia kikao cha pili mmoja ameanza kuchati, na cha tatu hakipo. Halafu mnalaumu mchezo.

Sisi tunasema mpe deni kabla ya upanga. Si lazima liwe la pesa. Chukua fundi wa majahazi kutoka Lamu aliyekopa mbao, chombo kikazama safari ya kwanza, na sasa kila bandari anayoingia anachungulia kwanza nani yuko gatini. Au mganga kijana aliyemwahidi nyanyake kwamba hatawahi kumtibu mtu wa ukoo fulani, kisha usiku mmoja mtoto wa ukoo huo analetwa kwake akiwa na homa. Huyu wa pili hahitaji joka, bana. Anayemcheza atakuwa bado anawaza Jumatano.

Nawe msimamizi, acha kuandika riwaya. Kumbuka Fumo Liyongo alivyotoroka gerezani. Mamake alioka mikate mizuri, na mmoja wa wishwa wenye tupa ndani. Walinzi wakala ile mizuri, wakaudharau wa wishwa na kumwachia mfungwa. Kisha kelele za ngoma zikafunika sauti ya minyororo ikikatwa. Kama ungekuwa mezani, ungeandika njia hiyo mapema na kuwalazimisha wachezaji waifuate? Waandalie gereza, walinzi wenye njaa na ngoma iliyo karibu, halafu unyamaze. Watakuja na wazo lao, pengine la kijinga kuliko la tupa, na mtalicheka mwaka mzima.

Mahali pa kuchezea pia si lazima pawe ngome ya Ulaya yenye theluji ambayo hakuna kati yenu aliyewahi kuikanyaga. Gede ipo, karibu na Watamu: mji wa mawe ndani ya msitu, una msikiti mkuu, kasri na visima, na watu walishauhama kufikia karne ya 17. Kwa nini? Wengine hutaja maji kukauka, wengine mashambulizi, na wanahistoria hawajaafikiana. Pengo hilo ni lako. Anzisha kisa usiku ambao familia za mwisho zinafungasha. Kisima kimoja bado kina maji na mlango wake umefungwa kwa ndani. Yule fundi wa majahazi anafika akiwa mgeni, kumbe mwenye mbao zake ndiye aliyejifungia humo. Umeona deni linavyofanya kazi?

Kuna jambo moja tulijifunza kwa uchungu. Mwandishi wa safu hii aliwahi kusimamia kisa cha koo mbili zinazochomeana nyumba. Aliona ni pambano tamu. Mchezaji mmoja, mtu wa vichekesho siku zote, akaweka dadu chini na kunyamaza. Alikuwa mtoto Bonde la Ufa mapema 2008, na nyumba yao iliungua. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Hatukucheza tena usiku huo. Tulikaa tu, chai ikapoa.

Tangu hapo, kabla ya kisa chochote, kila mtu huandika kwenye kipande cha karatasi, bila jina, jambo ambalo hataki liletwe mezani. Msimamizi anakusanya na kusoma peke yake. Na katikati ya mchezo, yeyote akiinua kiganja, tukio hilo linarukwa papo hapo. Haulizwi sababu. Inachukua dakika tano, tena chini ya muda mnaobishana nani anunue mahamri.

Jamaa yule alirudi baada ya wiki tatu. Mhusika wake mpya ni mchimba visima, na anamdai mhusika wa msimamizi mbuzi wawili.