Uliza Kwanza, Ndipo Ufunge Mzigo

Siku hizi si ajabu kusikia mwana wa jirani, aliyetoka chuo kikuu juzi tu, akiaga kwamba anakwenda Juba au Kigali kujitolea katika zahanati au shule kwa miezi miwili mitatu. Ni jambo la kupongezwa. Lakini habari zikishaenea, shangazi huleta gunia la nguo, mjomba huleta vitabu vilivyoliwa na panya, na mama mmoja wa kanisani hufunga kwenye bahasha vidonge vilivyobaki baada ya mumewe kupona. Kijana huona haya kukataa.

Nianze na vidonge, maana hapo ndipo penye hatari. Mwaka wa 1990, wakati wa vita kusini mwa Sudan, shehena ya dawa za msaada ilifika huko ikiwa na maandishi ya Kifaransa, lugha isiyozungumzwa na wenyeji. Pakiti nyingine zilikuwa zimetumiwa nusu. Humo mlikuwa na maji ya kusafishia lenzi za macho, antibiotiki zilizopitwa na wakati na, amini usiamini, dawa za kuongeza hamu ya chakula! Kati ya masanduku 50, ni 12 tu yaliyokuwa na dawa za kufaa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Eritrea ilipokea malori saba ya aspirini zilizopitwa na wakati. Kuzichoma kulichukua miezi sita.

Ndipo Shirika la Afya Duniani (WHO) likatoa mwongozo mwaka wa 1996: dawa za msaada zitokane na mahitaji ya wanaozipokea, kwa kawaida ziwe zimebakiza angalau mwaka mmoja wa kutumika zinapowasili, na zisiwe zilizopewa mgonjwa kisha zikarudishwa. Vidonge vya yule mama havipiti hapo. Muuguzi atajuaje kama vilikaa kabatini au kando ya jiko? Na akivitumia, atakayedhurika ni mtoto wa mwenyewe.

Nguo nazo zina mambo yake. Mnamo 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kila kilo, ikitaka kuinua viwanda vyake. Kijana akifika mpakani na magunia mawili, asishangae akiulizwa maswali. Kuhusu vitabu, nchi hiyo iliamua mwaka wa 2008 kuacha kufundisha kwa Kifaransa na kufuata Kiingereza. Lakini kitabu cha Kiingereza kisichofuata silabasi yao bado ni mzigo wa kumtafutia mwalimu rafu.

Basi afanyeje? Ampigie simu muuguzi au mwalimu mkuu wa huko kabla ya kupokea hata soksi moja. Asiulize, "Niwaletee nini?" Mwenyeji mwenye adabu atajibu, "Chochote tu, mwanangu." Aulize hivi: mwezi uliopita mliishiwa na nini mapema? Kinapatikana dukani huko? Kikiharibika, nani atakitengeneza? Majibu ya maswali hayo yatapunguza mzigo zaidi ya nusu.

Mara nyingi atagundua kwamba kinachokosekana ni sabuni, daftari na chaki, vitu vinavyouzwa hatua chache kutoka shuleni. Heri shangazi auze zile nguo hapa Nairobi, ampe kijana fedha akanunue huko huko. Mwenye duka wa pale naye apate riziki. Kinachostahili kubebwa ni kile kilichotajwa kwa jina na ambacho hakipatikani kule. Kama ni mashine ya kupima shinikizo la damu, iwe ya betri zinazouzwa mjini humo. Kama ni mpira, utolewe upepo, na pampu iende pamoja na sindano yake.

Shangazi akinuna, kijana amtumie picha ya stakabadhi ya duka na daftari zenyewe zikiwa juu ya madawati.